Shajara ya mradi: X-20 Dyna-Soar kwa kipimo cha 1:33 juu ya roketi ya maji, Mbeya

Machi: kuchagua ndege na nguvu ya kuirusha

Ndege-anga za majaribio za kuiga zipo nyingi. X-15 iliruka mara 199 kati ya mwaka 1959 na 1968, HL-10 mara 37, X-24B mara 36. Tatizo ni kwamba zote tatu ziliachiwa kutoka chini ya bawa la B-52, ndege kubwa ya kijeshi. Ukiuweka mfano wa HL-10 kwenye ncha ya roketi, umeshabuni kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, na anayejua atakuuliza. X-20 ya Boeing ni kinyume chake: tangu mwanzo ilichorwa ikae juu ya roketi ya Titan, ifike kwenye anga za juu, kisha irudi ikinyiririka bila injini hadi chini. Kazi ilianza Oktoba 1957 na ikafutwa tarehe 10 Desemba 1963 kabla hata moja haijaruka. Michoro imebaki, na kwa mfano wa kuruka michoro inatosha.

Injini za baruti za roketi ndogo tumeziacha. Kuziingiza nchini ni habari ya vibali vya vilipuzi, na kuzitengeneza nyumbani ni kutafuta kukatwa vidole. Chupa mbili za soda, maji na pampu ya baiskeli ya miguu vinatoa jumla ya msukumo inayoizidi injini ya baruti ya daraja D, ambayo mwisho wake ni newton-sekunde 20, na kila kitu kinapatikana sokoni Mwanjelwa.

Kipimo kimeamuliwa na chupa, si na sisi. Mwili wa Titan ulikuwa na kipenyo cha m 3.05. Chupa ya soda ya lita 1.5 ukiizungushia uzi unapata mzingo wa mm 290, yaani kipenyo cha mm 92. Hesabu inaangukia 1:33, kipimo kilekile kinachotumiwa sana na watengenezaji wa ndege za karatasi. Kwa hiyo X-20 yetu ina urefu wa mm 326 (ya kweli m 10.77) na upana wa mm 192 (ya kweli m 6.34). Eneo la bawa ni sm² 294.

Chupa iwe ya soda. Chupa ya maji ya kunywa haikutengenezwa kushika presha. Hupasuka mapema, tena bila kuvimba kwanza ili ikuonye.

Aprili: tangi

Mvua bado zinanyesha, kwa hiyo kazi yote ni ya ndani.

Tangi ni chupa mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Kiungo ni nipo ya uzi ya mm 10, ile inayoshikilia taa za kuning'inia, yenye tundu katikati, pamoja na nati mbili, washa mbili za chuma za mm 20 na washa nne za mpira zilizokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mdomo wa chupa kwa ndani una karibu mm 21.7, hivyo washa ya mm 24 haipiti kabisa. Tulinunua sita kabla ya kupima. Nati inaingizwa kwa kijiti cha mianzi chenye plastisini kwenye ncha: unaisukuma hadi kitakoni, unazungusha nipo kutoka nje mpaka uzi ushike, kisha unakishikilia kijiti na kukaza taratibu.

Kutoboa kitako: tumia keekee ya mm 10 inayozungushwa kwa mkono. Drili ya umeme huyeyusha plastiki ukingoni na kuacha mdomo usio sawa, na hapo ndipo hewa inapovujia. Silikoni haikusaidia. Ukikaza, inateleza na kuusukuma mpira pembeni. Mpira mkavu, safi, uliopanguswa vumbi, unaziba vizuri zaidi.

Jaribio la presha hufanywa tangi likiwa limejaa maji hadi juu, bila hewa. Maji hayabanwi, hivyo chupa ikipasuka hutoa mlio mdogo na kulowesha sakafu. Ikiwa na hewa hutupa vipande. Tumepandisha hadi baa 7.5 na kuacha dakika kumi. Kurushia tunatumia baa 5 na si zaidi. Kati ya matangi manne, moja lilivuja kwenye nipo (washa ilikaa upande) na moja likapasuka kwenye baa 6 kwa sababu lilikuwa na mkwaruzo wa kina kirefu. Sasa kila chupa inaangaliwa juani kabla ya kazi, na yenye alama nyeupe ya kukunjika inatupwa.

Kitu kingine kuhusu plastiki hii: rangi ya kupuliza ina thina, na thina huichosha chupa ikaota nyufa ndogondogo. Kwa hiyo hatupaki chupa rangi. Tunapaka koti la karatasi ya manila linalovishwa juu yake, na koti linashikwa kwa utepe wa pande mbili. Gundi ya moto nayo ni marufuku kugusa tangi.

Aprili mwishoni: nozeli (tundu la kutokea maji), na sababu ya kutotumia mdomo mzima wa chupa

Msukumo wa maji ni takriban mara mbili ya presha ukizidisha kwa eneo la tundu. Mdomo mzima wa chupa una eneo la karibu sm² 3.7. Kwa baa 5 hiyo ni newton 370, na roketi yetu ikiwa na maji ndani haifiki hata kilo moja na nusu. Inaondoka kwa mara 26 ya uvutano wa dunia, na maji yanapokaribia kuisha inapita mara 35. Glaida ya karatasi ya g 39, yaani X-20 yetu isiyo na injini, haistahimili. Tuliijaribu mara moja kwa glaida ya mzaha iliyokatwa kwenye boksi, na ikarudi imekunjamana kama mkebe uliokanyagwa, kiti chake, yaani kikalio chake kwenye ncha ya roketi, kimezama ndani ya koti.

Dawa ni kifuniko cha chupa kilichotobolewa mm 10. Eneo linashuka hadi sm² 0.79, msukumo unakuwa newton 78, na roketi inaondoka kwa mara tano hivi ya uvutano. Kifuniko kitobolewe kikiwa kimefungwa kwenye chupa, ili tundu likae katikati. Tundu likikaa pembeni hata kwa mm 1, roketi inaegemea upande huo kila mara.

Kirushio: ubao wa msonobari wa sm 40 kwa 40 (huku kwetu wa Sao Hill ndio rahisi kupata), na bomba la kopa la friji la 3/8, ambalo kwa nje ni mm 9.5, limesimama katikati kwa mm 60. Fundi friji amelichomelea kwenye kiungo cha njia tatu chenye valvu ya tairi na geji. Chini ya bomba kuna oringi (pete ya mpira) ya mm 12 ambayo kifuniko kinaikalia. Kebo tai kumi zimefungwa kuzunguka shingo, vichwa vyake vikishika ukingo wa mdomo wa chupa, na kola ya bomba la PVC inazibana. Ukivuta kamba, kola inashuka, kebo tai zinafunguka, roketi inaondoka. Kamba ni m 12 na mvutaji hasimami karibu zaidi ya hapo. Miwani ya fundi wa kuchomelea, ile nyeupe ya kusagia, ni lazima kwa anayepampu.

Kuhusu kupampu: tuko juu ya m 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa inayoingia kwenye pampu ina presha ya karibu baa 0.83 badala ya 1. Kufikia baa 5 za geji kunahitaji mipigo zaidi kwa asilimia 20 hivi kuliko Dar es Salaam. Pampu yetu: mipigo 48. Msukumo wenyewe haupungui, kwa sababu unategemea tofauti ya presha ya ndani na ya nje, na tofauti hiyo ndiyo geji inayosoma.

Mei: glaida

Hii ndiyo kazi yenye utamu wake, na ndiyo iliyochukua siku nyingi.

Tumbo la X-20 ni bapa, bawa ni pembetatu yenye ukingo wa mbele uliolala nyuma kwa takriban nyuzi 72, na pua imeinuka kidogo. Haina mkia wa katikati. Ina mapezi mawili tu kwenye ncha za mabawa. Mwili unakaa juu ya bawa kama kibanda kirefu. Tumetumia manila ya g 180 kwa ngozi, vijiti vya mishikaki vya mm 3 kwa uti wa katikati na kingo za mbele, na mbavu tano za boksi jembamba lenye safu moja ya mawimbi.

Utaratibu: kwanza bamba la tumbo lenye mistari yote, kisha uti, mbavu kutoka nyuma kwenda mbele, kingo, na ngozi ya juu mwishoni. Gundi ni ya mbao, nyeupe, iliyopunguzwa maji kidogo na kupakwa kwa brashi nyembamba. Paka nyingi na manila inajikunja ikikauka; bawa letu la kwanza lilipinda mm 4 upande wa kulia na halikurudi tena. Baada ya hapo kila sehemu inakauka ikiwa imebanwa kwenye kioo kwa kitabu kizito, saa sita. Juni na Julai uipe usiku mzima, maana baridi ya Mbeya huichelewesha gundi hii sana.

Glaida ya pili ilichongwa kwenye fomu nyeupe ya kufungashia televisheni kwa waya wa moto. Ilitoka g 31, nyepesi kuliko ya karatasi, lakini supaglu iliitafuna mara tu ilipogusa, na ncha za mabawa zilivunjika kwenye kutua kwa tatu. Tukarudi kwenye karatasi.

Undani wa umbo: X-20 ingeondoka na ngao iliyofunika vioo vya mbele, na ngao hiyo ingetupwa baada ya joto la kurudi kupita. Mfano unaorushwa kwenye roketi usichorwe vioo vya mbele, basi. Ni vya pembeni tu. Hicho ndicho kitu ambacho mifano mingi hukosea. Rangi ni nyeusi iliyofifia, si ya kung'aa. Magurudumu hayapo: ndege ya kweli ingetua kwa skii za chuma, za nyuma zikiwa na brashi za waya, kwa kuwa mpira usingestahimili joto. Tumeziacha ndani, zimefungwa.

Uzito: ngozi g 14, mbavu na vijiti g 8, gundi g 4, rangi g 4, uzito wa pua g 9. Jumla g 39.

Kitovu cha uzito ndicho kinachoamua kama ina ndege ndani yake au ni karatasi tu. Tulianza na mm 190 kutoka kwenye pua. Ikitupwa inainua pua, inasimama hewani, inaanguka mgongo. Kwa mm 183 inaruka kwa mawimbi, juu, chini, juu, chini. Kwa mm 176, yaani asilimia 54 ya urefu, na vibapa vya nyuma ya bawa vimeinuliwa mm 3, inateleza moja kwa moja. Kwa mm 165 ni mshale: haina habari na kuruka. Nafasi ya kukosea ni ndogo, karibu mm 5 mbele na nyuma, kwa hiyo pima baada ya kupaka rangi. Rangi yetu ya kwanza ilirudisha kitovu nyuma kwa mm 4, na siku nzima ikapotea tukilaumu mabawa.

Kutoka kwenye ukingo wenye kimo cha m 6 inafika m 17 hivi. Si ndege ya kujivunia mbele ya wenye balsa, ila bawa fupi kama hili halina zaidi ya kutoa. Jambo la kukumbuka kwa watu wa pwani wanaotaka kuiga vipimo hivi: hewa yetu ni nyepesi, hivyo glaida ileile hapa inakwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 9 ili ibebwe. Kwao itatua polepole kidogo.

Pembeni: HL-10

Tulitengeneza pia HL-10 kwa kipimo kilekile, mm 195 kwa 126, kwa manati tu. Haikuteleza, ilianguka kwa mpangilio. Eneo lake la kubeba ni dogo mno kwa g 30. Hata ya kweli ilianza vibaya: safari ya kwanza tarehe 22 Desemba 1966 ilionyesha hewa inabanduka kwenye mapezi ya nje na rubani kukosa udhibiti mzuri, na ndege haikuruka tena hadi Machi 1968, baada ya kingo za mbele za mapezi hayo kubadilishwa. Ya kwetu inakaa kabatini.

Juni: bawa mbele, mapezi nyuma

Roketi nzima ina urefu wa karibu m 1.2: glaida, kiti chake, chumba cha parachuti na saa, tangi, sketi ya nyuma. Kila anayejua roketi akiiona anauliza swali moja, na ana haki: bawa kubwa kwenye ncha linavuta kitovu cha presha ya hewa, yaani mahali nguvu ya hewa inapokusanyika, mbele. Kitovu hicho kikiwa mbele ya kitovu cha uzito, roketi inataka kuruka kinyumenyume.

Waliochora Titan II yenye Dyna-Soar walikumbana na jambo hilohilo, na ndiyo maana michoro yao ina mapezi makubwa chini ya roketi ambayo Titan ya kawaida haina. Mwigaji amepewa ruhusa na historia yenyewe. Sisi tulianza kwa woga, mapezi manne ya sm² 90 kila moja, kwa sababu makubwa yalionekana hayapendezi.

Rusho la 1: roketi ilipanda m 8, ikainua pua, ikazunguka duara moja kamili, ikaanguka kwa ubavu. Koti limepasuka, tangi zima.

Rusho la 2: vilevile, duara upande wa pili.

Ukiliangalia kwa makini, mzunguko wote ulikuwa kwenye upande wa bapa la bawa. Kulia na kushoto ilikuwa imetulia. Hesabu inakubali: bawa la pembetatu lenye upana mdogo hutoa nguvu kidogo kwa kila nyuzi, lakini liko zaidi ya nusu mita mbele ya kitovu cha uzito, na mkono huo mrefu ndio unaoponza.

Marekebisho: mapezi ya sm² 240 kila moja, mm 180 kwenye shina, mm 120 kwenye ncha, mm 160 kutoka mwilini, ya fomu ya mm 4 iliyobandikwa manila pande zote mbili. Pia g 50 za nati zimefungwa chini ya kiti cha glaida. Kitovu cha uzito, tangi likiwa tupu, kiko mm 725 kutoka kwenye pua, na kitovu cha presha kwa hesabu yetu kiko karibu mm 85 nyuma yake, chini kidogo ya kipenyo kimoja cha mwili. Uzito bila maji: g 470.

Rusho la 3, kwa lita 1 ya maji na nondo ya kuongozea ya m 1.2: iliyumba ilipoachana na nondo, ikajinyoosha, ikapanda kwa mshazari. Nafuu, ila haijakaa sawa.

Kosa lilikuwa kwenye maji. Lita nzima ikiwa kwenye chupa ya chini, kitovu cha uzito kinarudi hadi mm 920 na kitu, nyuma kabisa ya kitovu cha presha. Roketi inakuwa thabiti pale tu maji yanapokaribia kuisha. Hapo katikati inashikwa na nondo pekee. Kwa hiyo maji yamepunguzwa hadi lita 0.8, na nondo laini ya mm 6 imeongezwa hadi m 2, ili wakati roketi inaiacha maji yawe yamebaki kikombe kidogo. Kimo hakikupungua tulivyohofia: maji machache yanaacha hewa nyingi zaidi, na hewa ndiyo yenye nguvu.

Juni mwishoni: vibapa vya nyuma

Rusho la 4 lilikwenda wima m 15, kisha likapinda taratibu kuelekea mgongoni mwa glaida hadi likalala. Si mzunguko wa ghafla kama wa mwanzo, bali upinde mpana, kama wa mpira wa kona.

Vibapa vilivyoinuliwa mm 3 kwa ajili ya kuteleza vinafanya kazi hata wakati wa kupanda. Glaida inaisukuma pua ya roketi nzima, na kasi ikiwa kubwa nguvu hiyo ni kubwa. Kuvilaza ni kuiua glaida. Kuviacha ni kuipinda roketi. Vinatakiwa viwe bapa vikipanda na vimeinuka vikiteleza.

Namna tuliyofanya: kila kibapa kina bawaba ya utepe wa kitambaa upande wa chini, na uzi wa mpira wa nguo unaokivuta juu hadi kwenye kizuio cha mm 3. Kwenye kiti kuna vidole viwili vya kijiti cha mshikaki, mm 35 kila kimoja, vinavyopita juu ya vibapa na kuvilaza glaida inapokaa. Glaida ikisukumwa mbele mm 35, vidole vinatoka na vibapa vinainuka vyenyewe. Vidole vipakwe nta ya mshumaa. Bila nta kimoja kilichelewa kwenye jaribio la mezani na glaida ikatoka imepinda.

Uzi wa mpira usiwe na nguvu nyingi. Ukiweza kuinua sarafu moja ya shilingi 100, umezidi.

Julai: kuachia na kurudi

Wakati wa kupanda glaida haihitaji kufungwa. Msukumo unaikandamiza kwenye kiti, na maji yakiisha, upinzani wa hewa unaipunguza kasi glaida zaidi kuliko roketi nzito iliyo nyuma yake, hivyo inaendelea kukandamizwa. Inalegea tu karibu na kileleni. Hapo rababendi moja ya kufungia pesa, iliyovutwa ndani ya kiti, inaisukuma mbele.

Saa ni mashine ya gari la kuchezea la kuzungusha ufunguo, magurudumu yameondolewa, mkono mdogo wa spoku umewekwa mahali pake. Pini yake imefungwa uzi kwenye kirushio. Roketi ikiondoka pini inachomoka na saa inaanza. Baada ya sekunde 2.9 mkono unaachia kamba mbili kwa pamoja: ya rababendi, na ya mlango wa pembeni wa parachuti.

Parachuti ni kitambaa cha mwavuli uliokufa. Mifuko laini ya plastiki iliyokuwa ikitumika zamani kwa kazi hii imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mwavuli ni bora hata hivyo. Mduara wa sm 70, nyuzi nane za mshipi wa samaki zenye sm 80, tundu la sm 5 katikati. Kwa hewa ya huku roketi tupu inashuka kwa m 5 kwa sekunde hivi. Tulijaribu sm 60 na pezi moja likavunjika kwenye kila kutua.

Eneo la kurushia ni malisho upande wa Uyole, mbali na uwanja wa ndege wa Songwe, na kazi inafanyika kati ya ukungu kuondoka na saa nne asubuhi. Baada ya hapo upepo wa kusini mashariki unaamka, na roketi yenye bawa mbele haipendi upepo. Utepe wa karatasi uliofungwa kwenye fito ukiinuka zaidi ya nusu, tunafungasha.

Kimo kinapimwa kwa pembe ya shuleni yenye uzi na nati, kutoka m 50.

Rusho la 5: m 38. Saa haikuachia, pini ilikatika uzi. Roketi ilishuka kwa pua. Glaida ikageuka makombo. Ya tatu ilikuwa tayari mezani.

Rusho la 6: m 41. Glaida imeachia ikiwa imelala mgongo, imejigeuza kwa kushuka karibu m 15, ikateleza sekunde 6.

Rusho la 7: m 40. Imeachia ubavu, ikazama m 10, ikanyanyuka, sekunde 10 hewani, imetua m 70 kutoka kirushio ikielekea kushoto kidogo. Pezi la kushoto lilikuwa limeingia ndani mm 1 zaidi ya la kulia.

Rusho la 8: m 39, sekunde 11, imenyooka.

Rusho la 9, asubuhi yenye jalidi kwenye majani: saa ilitumia sekunde 3.8 badala ya 2.9 na roketi ilikuwa imeshaanza kushuka. Glaida ilitoka kwa kasi kubwa, uzi wa mpira wa kibapa cha kulia ukakatika. Grisi ya mashine ya kichezeo ilikuwa imeganda. Imefunguliwa, imeoshwa kwa mafuta ya taa na kutiwa tone moja la mafuta ya cherehani. Ndani ya friji sasa inasoma sekunde 3.0. Tangi la kwanza limefikisha marusho tisa na litastaafishwa likifika ishirini. Uzi wa kibapa unabadilishwa kabla ya rusho la 10, na safari hii vyote viwili kwa pamoja, kutoka kipande kimoja cha mpira.